Malkia, Besi na Mwalimu wa Hesabu

4 Machi

Mke mwenzangu mpendwa,

Shikamoo Bibi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa na paa limeacha kuvuja juu ya kabati. Mimi sijambo. Nilifika salama, na begi nalo lilifika, ila siku mbili baada yangu. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linalotazama ukuta, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi ya njano, kwa hiyo asubuhi naamka kama mtu aliyebishiwa hodi na jua. Babu angekuwepo angelalamika kwamba kati ya wake zake wawili, mdogo amemtoroka.

Ile kazi ya kushona mavazi ya filamu nimeipata. Tunafanyia kwenye ukumbi wa zamani wa maonyesho, wenye viti vyekundu vilivyochakaa na ngazi za mbao zinazolia ukizikanyaga. Chumba cha mavazi kiko chini ya jukwaa. Tuko mafundi wanne na cherehani tatu, kwa hiyo kila saa kuna mmoja wetu anayepiga pasi.

Filamu ni ya mapenzi na nyimbo. Inahusu waimbaji wawili wa opera wanaopendana. Uliniuliza opera ni kitu gani nikaahidi kuuliza. Ni mchezo wa kuigiza ambao watu hawazungumzi, wanaimba tu. Mtu akitaka afunguliwe mlango, anaimba. Akichomwa kisu, anaimba kwanza ndipo afe. Na hawatumii kipaza sauti. Sauti inatoka kifuani inafika kiti cha mwisho kule nyuma. Siku ya kwanza niliisikia nikiwa chini ya sakafu, pini zikatetemeka kwenye kisahani.

Hao wawili ni waimbaji wa kweli, si waigizaji. Mwanamke tunamwita Malkia, kwa jinsi anavyoingia mlangoni. Mwanamume ana sauti nzito ya chini, tunamwita Besi. Wote wamevuka arobaini na tano. Sasa sikia: hawa wanaotakiwa kupendana hawasemeshani. Mbele ya kamera wanashikana mikono na kutazamana mpaka unaona haya wewe. Mwongozaji akisema basi, kila mtu anageukia kwake. Jana Malkia alinituma, "Mwambie yule bwana amekanyaga pindo langu." Yule bwana alikuwa hatua moja kutoka kwake.

Shida yangu ni gauni la wimbo wa mwisho. Mchoraji wa mavazi anataka libane kifuani. Malkia akilivaa, noti ya juu ya wimbo haifikii. Mwongozaji ameanza kusema kwamba kama hawezi, wataweka sauti ya msichana mwingine, yeye afungue mdomo tu. Malkia alisikia. Alikwenda kujifungia chooni nusu saa. Miaka yote ameishi kwa sauti hiyo, halafu aje aazimwe ya mtu. Nifanyeje? Fundi ni wewe, mimi ni mshika sindano.

Msalimie mjomba.

Mke mwenzio mdogo


21 Machi

Mke mwenza,

Marahaba. Sijambo, na goti halijambo kuliko mimi. Usishangae mwandiko. Miwani yangu niliikalia. Kioo kimoja kikatoka na mkono ukavunjika. Fundi amesema wiki mbili. Anayeandika ni jirani yetu, yule mwalimu wa hesabu aliyestaafu akahamia nyumba ya kona yenye geti la bluu. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinisahihishe.

(Mwandishi anathibitisha kwamba hasahihishi, ila pale inapobidi.)

Umeona? Ndivyo alivyo.

Barua yako alinisomea mara mbili. Ya pili niliiomba mimi, kwa ajili ya pale pa pini. Mwalimu anauliza, mtu aliyechomwa kisu pumzi ya kuimba anaitoa wapi. Nikamwambia mume wetu marehemu alikuwa akipata mafua tu hawezi hata kuomba maji, lakini hao ni watu wa filamu, tuwaache.

Mjomba wako alikuja Jumapili. Akatazama paa, akatikisa kichwa, akasema tena nyumba iuzwe nihamie kwake. Kwake ni kuzuri. Kuna vigae, kuna maji ya moto, na kuna mkewe. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Neno hilo nalitumia mwaka wa tisa sasa, tangu babu yako afariki, na bado halijachakaa. Jumatatu mwalimu alipanda ngazi akaziba bati moja. Alipanda kama mtu anayepelekwa kunyongwa, lakini aliziba.

Sasa gauni. Kosa ni kwamba mlimpima amesimama kimya. Mwimbaji hupimwa akiwa amejaa pumzi. Mwambie avute yote, aishikilie, ndipo uzungushe futi kamba. Kisha mpime ameitoa. Tofauti utakayopata ndiyo nafasi anayoidai. Fumua pembeni, kuanzia kwapani mpaka kiunoni, uweke kipande cha kitambaa kinachovutika, rangi ileile, ukifiche kwenye mkunjo. Mchoraji wako ataona limebana. Mbavu ndizo zitakazojua siri. Na usimwambie mtu. Mafundi wengi wameharibu kazi nzuri kwa kuitangaza.

Hao wawili nao wachunguze. Watu wasiojuana hawanuniani hivyo. Kununa ni kazi, mtu haifanyi bure.

Bibi yako, kwa mkono wa jirani


15 Aprili

Mke mwenzangu,

Shikamoo Bibi, na mwalimu naye shikamoo, maana najua yupo hapo. Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na onyesho la karamu, nguo sitini kwa siku tisa, mpaka nikawa naota vifungo. Afya ni njema. Nimepungua kidogo lakini usianze.

Tofauti ilikuwa sentimita saba na nusu. Nilifumua wakati wenzangu wamekwenda kula, nikashona, nikapiga pasi, nikanyamaza. Siku ya majaribio Malkia alilivaa, akasimama katikati ya jukwaa, akaimba. Ile noti ilitoka, ikakaa, ikaendelea kukaa. Fundi wa taa alisahau kushuka kwenye ngazi. Mwongozaji hakusema tena habari za msichana mwingine. Mchoraji wa mavazi akatugeukia: "Mnaona? Nilisema tangu mwanzo gauni halina tatizo." Nikaendelea kuokota pini. Malkia aliposhuka alipapasa ubavu wake, akaukuta mshono, akanitazama. Kesho yake nilikuta pakiti ya biskuti juu ya cherehani yangu.

Nimechunguza kama ulivyosema. Wiki iliyopita Besi alikuwa na kikohozi. Malkia, bila kugeuza shingo, alinikabidhi chupa ya asali. "Mpelekee yule bwana. Usimwambie imetoka wapi." Nikampelekea. Hakuuliza. Alifungua, akanusa, akasema peke yake, "Bado anatia tangawizi." Akakaa ameishika ile chupa mpaka alipoitwa.

Sasa na mimi nina swali. Hiyo miwani inatengenezwa nchi gani? Wiki mbili zilikwisha zamani, na barua yako fupi ya tarehe tano imekuja na mwandiko uleule. Tena ina nukta-mkato tatu. Wewe hujawahi kutumia nukta-mkato tangu uzaliwe.

Mke mwenzio anayejua kuhesabu


6 Mei

Mke mwenza,

Marahaba. Huu ni mwandiko wangu, kwa hiyo uvumilie. Goti halijambo. Kabati kavu.

Miwani ilirudi tarehe mbili Aprili. Niliificha kwenye kopo la vifungo. Mtu mzima na mvi zangu, naficha miwani. Mwalimu huja saa kumi, ananisomea gazeti, halafu ananisomea barua yako hata kama tumeshaisoma. Akifika kwa Malkia anabadilisha sauti. Akifika kwa Besi anakohoa kwanza. Tunacheka mpaka yule jirani wa upande wa pili amewahi kuchungulia.

Wiki mbili zilizopita alinikuta natunga uzi kwenye sindano, miwani iko usoni, nimejisahau. Akasimama mlangoni.

"Kumbe unaona," akasema.

"Naona," nikasema.

Akakaa, akafungua gazeti, akaendelea kunisomea kwa sauti.

Juzi amesema neno. Mkewe alifariki miaka sita iliyopita, watoto wake wako mbali kama wewe. Anataka tuoane. Nilimwambia nina mtu wa kumuuliza kwanza. Mjomba wako bado hajui. Nikimwambia atasema nimechanganyikiwa, atakuja na lori. Lakini wewe nilikulea, na siku tuliyomzika babu yako ni wewe uliyekuwa umenishika mkono. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Usinifurahishe. Nijibu.

Bibi yako


28 Mei

Bibi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Huku kazi ni nyingi. Sikujua kwamba miaka tisa inatosha kumsahau Babu. Ni maisha yako, fanya unavyoona. Nitaandika nikipata nafasi.

Mjukuu wako


17 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Mvua zimekatika. Nimefumua pazia la sebuleni nimelishona upya, upande uliofifia sasa unatazama ndani. Mjomba wako alikuja, nikamwambia nitafikiri.

Miwani inafanya kazi vizuri, gazeti nasoma mwenyewe. Mwalimu haji siku hizi. Nilimwambia asije. Alisema sawa, akaniachia gazeti la siku hiyo, akaenda.

Usikae na njaa kwa ajili ya kazi.

Bibi yako


2 Julai

Mke mwenzangu mpendwa, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Shikamoo Bibi. Mimi ni mzima wa mwili. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili, kwa hiyo hii utaipokea ilivyo.

Alhamisi walirekodi wimbo wa mwisho. Asubuhi nilikuwa namfunga Malkia vifungo mgongoni, vifungo thelathini na viwili. Mtu anayefungwa vifungo hana pa kwenda, kwa hiyo huzungumza. Aliniuliza kwa nini nimenuna mwezi mzima. Nikamweleza. Nilimwambia bibi yangu anataka kuolewa akiwa na miaka sabini na moja, na kwamba nimemwandikia kile ninachofikiri. Nilidhani atanionea huruma. Nilikuwa nimefika kifungo cha ishirini.

"Ulimwandikia mistari mingapi?" akauliza.

"Michache."

"Mimi na Besi tulikuwa kundi moja, miaka kumi na minne iliyopita. Aliniomba tuoane. Nikamwambia asubiri nimuulize dada yangu, maana ndiye aliyenilea. Dada akajibu kwa mistari minne. Kwamba mwimbaji hana makao. Nikashindwa kumwambia Besi ndiyo, nikashindwa kumwambia hapana. Nikawa namkwepa. Alingoja miezi minane, akaondoka bila kuaga."

"Na dada yako?"

"Mwaka jana nilimuuliza kuhusu ile barua. Hakumbuki kama aliiandika. Labda siku hiyo jino lilikuwa linamuuma."

Bibi, mimi jino halikuwa linaniuma. Niliona wivu. Tangu nije huku nimekuwa nikijiambia kwamba nyumbani kuko vilevile, kiti cha Babu mahali pake, wewe mezani na picha yake ukutani, mmekaa mnanisubiri. Nilitaka mkae hivyohivyo. Sikujiuliza wewe saa kumi jioni unazungumza na nani. Na sikumkumbuka Babu vizuri, maana Babu alikuwa akijikwaa makusudi pale kwenye kizingiti ili ucheke. Tangu afe mpaka mwalimu alipokuja sikusikia mtu akikuchekesha, na mimi mwenyewe sikuwahi kujaribu.

Nimalizie. Walipanda jukwaani. Katika filamu, yeye anashuka ngazi, mwanamume anamshika mkono, wanaimba pamoja, basi. Waliimba. Sisi mafundi tulitoka chini tukasimama pembeni, jambo ambalo huwa hatulifanyi. Sijui nikueleze vipi. Ile sauti ya chini ilikuwa kama imemwekea mwenzake sakafu, na yule akapanda bila kuogopa kuanguka. Mwongozaji akasema basi. Kamera zikazimwa. Besi hakuachia mkono.

Malkia akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mtu aliyesimama jikoni, "Dada alikataa. Nilipaswa kukuambia siku ileile."

"Ungeniambia ningengoja," Besi akasema. "Nilichokuwa sikijui ni ninachongoja."

Vinasa sauti na spika vilikuwa bado viko wazi, kwa hiyo walisikika ukumbi mzima. Fundi sauti alivua vipokea sauti vyake vya masikioni kwa heshima, akatazama viatu. Mwongozaji alitaka warudie mara moja kwa usalama. Besi akamwambia, "Tupe dakika tano." Wakaenda kukaa kwenye viti vyekundu, safu ya saba. Walichukua arobaini na hakuna aliyethubutu kuwaita. Kurudia kwenyewe hakukuhitajika.

Niliyokuandikia tarehe ishirini na nane Mei nayafuta. Mwite mwalimu. Kama hatakuja kwa kuitwa, mfuate.

Mke mwenzio, mwenye aibu


25 Julai

Mke mwenza,

Marahaba, na marahaba nyingine juu yake. Barua yako iliingia Jumanne. Niliisoma nimesimama, nikavaa viatu vya kutokea, nikaenda mpaka geti la bluu. Kwa goti hili ni mwendo.

Nilimkuta anaosha vyombo, amejifunga taulo kiunoni. Nikamwambia, "Mjukuu wangu amekubali."

Akauliza, "Na wewe?"

Nikamwambia, "Mimi nilikubali siku ulipopanda juu ya paa. Wewe ulikuwa unatetemeka, hukuniona."

Akavuta kiti, akakipangusa, akanikalisha. Halafu akarudi kumalizia vyombo, kwa sababu alikuwa ameshavipaka sabuni. Nilikaa namtazama mgongo. Sikuwa na haraka.

Jumapili nikamwambia mjomba wako. Akashika kichwa. "Mama, watu watasema nini?" Nikamjibu watasema walichosema nilipoolewa mara ya kwanza, kwamba bwana harusi ni mfupi. Hakucheka. Akasema yeye ndiye anayejua linalonifaa, na nyumba inaoza, na mimi ni mkaidi. Tukiwa hapo mwalimu akaingia. Wakasalimiana kama watu wanaogombea kiti kimoja. Mwalimu akasema, "Nyumba umesema kweli, inaoza. Njoo nikuonyeshe wapi." Wakatoka na ngazi. Niliwasikia huko juu wakibishana saa nzima, na waliposhuka wote walikuwa na kutu magotini. Mjomba wako alikunywa chai, akaaga, akaondoka.

Hajatoa baraka kwa mdomo. Ila Jumatano limekuja gari na bati mpya kumi na moja.

Harusi ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, asubuhi. Hatutaki watu wengi. Wewe njoo hata kama una gauni la malkia wa kweli mikononi, liweke chini uje.

Bibi yako


9 Machi

Mke mwenza,

Hujambo huko? Sisi hatujambo. Mvua kubwa ya kwanza imepita na kabati kavu. Goti linalalamika lakini sasa nina mtu wa kulisikiliza, analisikiliza kuliko mimi. Tangu harusi mjomba wako huja kila Jumapili. Anasema anakuja kuangalia misumari. Wanacheza bao mpaka mkewe apige simu. Tumefurahi kusikia Malkia na Besi wamepanga nyumba moja, na kwamba majirani wao wameomba wapewe ratiba ya mazoezi.

Filamu yenu imefika hapa. Tulikwenda Jumamosi saa nane mchana, tukakaa safu ya katikati. Mwalimu alikuwa amevaa tai. Mimi nilitazama mishono. Lile koti la Besi kwenye onyesho la karamu, bega la kushoto limekaa vibaya, mwambie aliyelishona. Mwalimu alihesabu kwamba wamebusiana mara tatu, akasema zingetosha mbili. Ulipofika wimbo wa mwisho sikuona tena mshono wowote. Nilisahau kwamba nimekuja kutazama nguo. Nilisahau kwamba nimekuja.

Halafu yakaanza majina ya waliofanya kazi. Watu wote wakasimama wakatoka. Sisi tukabaki kukutafuta. Yalikuwa mengi, herufi ndogo, yanapanda mbio kama yanadaiwa. Mwalimu alisimama, akasogea mbele, akasogea tena, na mara kioo kikawa cheusi. Hatukukuona. Mwalimu akaenda kwa mwonyeshaji kumwomba arudishe nyuma kidogo. Yule akasema mashine haifanyi hivyo, labda tusubiri onyesho la saa kumi na moja.

Tukakata tiketi nyingine mbili. Tukakaa tena, wakapendana tena kuanzia mwanzo, wakanuniana, wakapatana. Safari hii mwalimu alikwenda kusimama kwenye njia kati ya viti kabla majina hayajaanza, kidole juu, kama yuko ubaoni. Wakapita wa kamera, wakapita wa taa. Likaja neno Mavazi. Akakuona. Akalisoma jina lako kwa sauti, lote, la kwako na la baba yako na la ukoo, vile walimu wanavyoita darasa asubuhi. Mwanamke aliyekuwa anafagia akasimamisha ufagio akatutazama.

Nami nikajibu kutoka kwenye kiti changu, "Yupo."

Sisi wako,
Bibi na mwenzake